Sanduku chini ya kitanda

Posho iliyopita tuliahidi kuandika juu ya kukausha mboga kabla mvua hazijakolea. Mboga zitangoja. Jumamosi, baada ya likelemba, tulibaki mpaka giza katika lupango ya mama mwenzetu mmoja wa Kikula, tukifungua sanduku la mbao, na yaliyotoka humo tumeona tuyaandike yakiwa bado ya moto.

Mwenzetu huyo alifiwa na bwana wake mwaka jana. Matanga yalikwisha, ndugu wakarudi kwao, sanduku likabaki chini ya kitanda. Sasa minerval ya watoto wawili haijalipwa. Fundi mmoja wa sokoni alipita akasema atachukua sanduku lote kwa dola 20, hata bila kulifungua. Mwenzetu akasita. Akatuambia: "Dada zangu, njooni mnisaidie kutazama. Miaka yote hii nilikuwa ninafagia tu kando yake."

Lazima tuungame kwanza. Sote tulimjua marehemu, na sote tulimcheka. Alikuwa fundi wa umeme Gécamines, akaondoka mwaka 2003 pamoja na wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Tangu hapo siku zake zilikuwa ndefu na mikono yake ilitafuta kazi. Mtaani tulimwita Baba wa Kitu Kipya. Kwanza zilikuwa saa za mkono: anakusanya zilizokufa, anazifungua mezani, hakuna anayeruhusiwa kupiga chafya. Kisha redio, na waya unaotoka dirishani mpaka kwenye mwembe. Mwishoni kompyuta na programu zake. Kila jambo lilimshika kama homa, mwaka mmoja, miaka miwili, kisha homa inashuka na vitu vinaingia sandukuni. Mkewe alituambia mara nyingi, na Jumamosi akarudia, kwamba angeweza kuhesabu ni mifuko mingapi ya unga wa bukari iliyolala mule ndani. Hatukumbishia. Pesa ya nyumba ni pesa ya nyumba, na mwanaume anayenunua redio ya tatu wakati mtoto amerudishwa kutoka shuleni anastahili maneno aliyoyapata.

Basi tukafungua.

Saa zilikuwa juu, zimefungwa katika soksi za watoto. Ishirini na moja. Nyingi ni za betri, zile za plastiki na za rangi ya dhahabu inayobanduka. Ndani ya saa ya namna hiyo mna kipande kidogo cha jiwe la kwazi ambacho umeme wa betri unakitetemesha mara 32,768 kwa sekunde moja, na saa inahesabu mitetemo hiyo. Kampuni ya Seiko ya Japani ndiyo iliyouza saa ya mkono ya kwanza ya namna hiyo, Desemba 1969, na tangu hapo saa ikashuka bei mpaka ikafika kwenye meza za soko letu. Nyingine nne zilikuwa za zamani, za kutia ufunguo kwa vidole, na mbili kati ya hizo zilikuwa na namba zilizopakwa rangi nene ya njano iliyogeuka kahawia.

Hapo ndipo binti wa mmoja wetu, anayefundisha fizikia sekondari, alipomwambia mama wa mapasa aweke chini kile kisu kidogo alichokuwa anataka kukitumia kufungua mfuniko. Alisema kwa sauti ya mwalimu, na mama wa mapasa, ambaye hapokei amri hata kwa bwana wake, akakiweka.

Rangi ile, kama saa ni ya kabla ya miaka ya 1960, mara nyingi ni ya radiamu. Iliwekwa ili namba zing'ae gizani. Sisi wa Likasi tuna sababu ya kulijua neno hilo kuliko watu wa miji mingine, maana radiamu hupatikana ndani ya mawe ya urani, na Shinkolobwe iko kilomita kama 20 tu kutoka hapa. Wengi tunajua habari ya bomu la mwaka 1945 na urani yetu. Lakini kabla ya bomu ilikuwa radiamu. Union Minière walisafirisha mawe ya Shinkolobwe mpaka Olen, Ubelgiji, na kuanzia mwisho wa 1922 kiwanda cha huko kikatoa radiamu nyingi na kwa bei ndogo kuliko wengine, hata Shinkolobwe ikashika soko la dunia.

Na nani walikuwa wanaipaka kwenye saa? Wanawake. Huko Marekani, katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey, tangu mwaka 1917 wasichana waliajiriwa kuchora namba kwa brashi nyembamba. Ili brashi ichongoke, walifundishwa kuitia midomoni, wailainishe kwa ulimi, wachovye tena katika rangi. Siku nzima hivyo. Waliambiwa haina madhara. Wengine walijipaka kucha na meno ili wang'ae wakienda kucheza dansi. Baada ya miaka michache meno yakaanza kung'oka, mataya yakaoza, mifupa ikavunjika, na wengi wakafa. Radiamu hujidanganya mwilini kama chokaa ya mifupa, nayo hukaa humo. Watano kati yao, akiwemo Grace Fryer, walimshitaki mwajiri mwaka 1927. Yeye peke yake alihangaika miaka miwili kabla ya kupata mwanasheria wa kukubali kesi. Juni 1928 wakalipwa dola 10,000 kila mmoja na pesa ya kila mwaka. Fryer alikufa 1933. Tuseme haki: rangi yao ya kwanza ilitoka kwenye migodi ya Colorado, kwao wenyewe. Ile ya kwetu iliingia sokoni baadaye, ikaendelea kupakwa kwenye saa na vifaa vya ndege na vya jeshi kwa miaka mingi.

Tulikaa kimya kidogo. Mwenzetu akatazama zile saa mbili juu ya mkeka akasema, "Kumbe zimerudi nyumbani." Hakuna aliyejua kama anatania.

Mwalimu alitueleza mambo ya kushika. Saa kama hiyo kuacha kung'aa si dalili kwamba imekufa. Kinachochoka ni ile dawa inayogeuza nguvu ya radiamu kuwa mwanga; radiamu yenyewe inahitaji miaka 1,600 ili ipungue nusu. Ikiwa imefungwa, kioo ni kizima, na haivaliwi wala haikai chini ya mto wa mtoto, hatari ni ndogo. Hatari kubwa iko katika kuifungua, maana rangi ya zamani hubomoka unga, na unga huingia puani na mdomoni. Kwa hiyo usifungue, usikwangue, usichome na takataka, usizike lupangoni. Itie ndani ya mfuko wa plastiki, ufunge, uiweke katika kopo lenye mfuniko mbali na chumba cha kulala, uandike juu yake. Ofisi ya serikali inayohusika na mambo hayo ni CGEA, yenye makao Kinshasa. Saa za baadaye zilizoandikwa herufi T pembeni mwa namba sita zilitumia kitu kingine, chepesi zaidi. Na zile mpya zinazong'aa tu baada ya kuwekwa kwenye taa hazina shida hiyo.

Wakati sisi tumeinama juu ya radiamu ya miaka mia, mjukuu wa mwenyeji, mwenye miaka miwili, alikuwa nyuma yetu na betri ya saa mkononi, inaelekea mdomoni. Betri mpya, inang'aa kama kitufe cha shati. Mama wa mapasa alimkamata. Tunaandika hili kwa nguvu kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu saa za radiamu ziko katika nyumba chache lakini betri hizo ziko kila nyumba: kwenye saa, kwenye rimoti, kwenye vitu vya kuchezea vinavyoimba. Betri ya kitufe ikikwama kooni, hasa zile pana kama sarafu, mate na umeme wake vinaunguza nyama. Ndani ya saa mbili tu koo linaweza kuwa limeungua vibaya. Mtoto anaweza asilie sana. Anadondosha mate, anakataa chakula, anakohoa, tunadhani ni meno au mafua. Ukishuku tu, nenda hospitali palepale na useme neno betri, wapige picha ya kifua na koo. Usimtapishe. Usimpe chakula. Mtoto aliyepita mwaka mmoja, kama anaweza kumeza na mna asali, mpe vijiko viwili vidogo kila dakika kumi mkiwa njiani; inapunguza kuungua, lakini msichelewe kuondoka kwa sababu ya kutafuta asali. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Betri zote za saa zile tulizitoa hapohapo, tukazizungusha gundi ya karatasi pande mbili, tukazitia chupani.

Chini ya saa kulikuwa na redio tatu, mabunda ya waya wa shaba, na kaye saba za shule. Hapa mwenzetu alianza kuchoka. "Redio ndiyo iliyonimaliza," akasema. Tulikumbuka wote. Kila usiku, watoto wamelala, yeye na ile redio yake inayokoroma na kupiga miluzi, anazungusha kidude kama mtu anayetafuta sindano majanini. Masafa mafupi ndivyo yalivyo: wimbi linapanda juu, linagonga tabaka la anga, linarudi chini mbali sana, ndiyo maana sauti ya Ulaya inaweza kufika Likasi bila mnara wowote kati. Usiku hufaa masafa ya chini, mchana ya juu. BBC ilikuwa ikisema Kiswahili tangu 1957, Sauti ya Ujerumani tangu 1963. Msikilizaji akiandika barua ya kueleza siku, saa, na jinsi alivyosikia, kituo humrudishia kadi. Kadi sita tulizikuta, moja bado ina picha nzuri ya mto na meli.

Na hapo tukaelewa habari ya saa mbili. Marehemu alikuwa anavaa saa mkono wa kulia na saa mkono wa kushoto, na ile ya kushoto ilikuwa nyuma kwa saa mbili kila siku. Tulicheka hilo kuliko yote. Fundi wa saa anayevaa saa mbovu! Kumbe katika kaye zake kila mstari una saa mbili: ya hapa, na ya dunia, ile ambayo vituo vyote hutumia kutangaza ratiba zao, ambayo kweli iko nyuma yetu saa mbili. (Kinshasa wenyewe wako nyuma yetu saa moja, kama kila aliyekosa taarifa ya habari anavyojua.) Saa ya kushoto haikuwa mbovu.

Mwalimu alikuwa anasoma mistari kwa sauti, haraka haraka, tarehe, kituo, kusikika vizuri, kusikika vibaya. Kisha akasimama. Katika kaye ya mwaka 2002 neno moja limepigiwa mstari karibu kila ukurasa: Kalemie.

Vijana wetu hawakumbuki, kwa hiyo tueleze. Wakati ule nchi ilikuwa imekatwa. Sisi upande huu wa serikali, Kalemie upande wa RCD. Hakuna treni, hakuna barua, simu za mkononi hazijafika. Kulikuwa na fonii za parokia na za wafanyabiashara, ambapo unapanga foleni kusema kwa dakika mbili huku watu kumi wanasikia siri zako, lakini kuvuka mstari wa vita kwa fonii ilikuwa jambo la kuogopesha. Tarehe 25 Februari 2002 Radio Okapi ikaanza, redio iliyosikika pande zote mbili, kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne, Kiswahili kimojawapo. Na ndugu wawili wa mwenzetu walikuwa Kalemie.

"Hakuniambia," akasema. Baadaye kidogo akasema tena, "Nilikuwa namwambia azime, watoto wanalala."

Hatukuongeza neno. Mtu alienda kuchemsha chai.

Juu ya redio tunaongeza moja tu la kazi. Waya wa nje ni rafiki wa radi, na radi za Katanga mnazijua. Mvua ikitanda, chomoa waya kutoka kwenye redio na uutupe nje ya dirisha, kabla ngurumo ya kwanza, si baada yake. Na redio za zamani za kuchomeka ukutani huweka umeme ndani hata zikiwa zimechomolewa. Watoto wasifungue.

Chini kabisa, kompyuta ya kubeba, nzito kama tofali, betri yake imevimba. Ile ya kuvimba hatukuijaribu, na ninyi msijaribu: usiichomeke, usiitoboe, itoe kama inatoka na uiweke nje penye kivuli mbali na vitu vya kuwaka. Ndani yake mna kobalti, ambayo tangu Sony walipoanza kuuza betri za namna hiyo mwaka 1991 imekuwa ikitafutwa duniani kote, na ambayo Shituru walikuwa wanaitoa kabla hatujazaliwa. Kaka wa mwalimu aliitoa betri, akachomeka waya, SNEL siku hiyo walikuwa wema, na kompyuta ikaamka polepole.

Marehemu alikuwa ameweka programu zisizolipiwa, zile ambazo waandishi wake wanaruhusu kila mtu kuzinakili, kuzitumia na kuzirekebisha, kama mama anavyogawa mbegu za lengalenga kwa majirani. Katika jamii hiyo ya watu kulikuwa hata na wa kwetu: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2004, walitoa programu nzima ya kuandika na kuhesabu yenye maneno ya Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Katika kompyuta ile ya sandukuni maneno yalikuwa ya Kifaransa. Alikuwa amejaribu programu nyingi mno: ya ramani, ya muziki, ya kujifunza Kijerumani (somo la tatu tu). Kila moja imeguswa kidogo na kuachwa. Tulianza kucheka tena, kwa upole safari hii.

Kisha kaka wa mwalimu akafungua jedwali moja lenye jina la kikundi chetu.

Mtakumbuka, wale wa siku nyingi, kwamba marehemu aliwahi kuja mkutanoni, amesimama mlangoni na kofia mkononi, akasema anaweza kutuwekea hesabu za likelemba kwenye kompyuta. Tulimshukuru. Tukasema tuna kaye yetu na mama katibu wetu, na alipogeuka mtu alisema jambo lililotuchekesha. Sisi ndio tuliosema. Mwaka huohuo kaye yetu ililoa, kurasa zikashikana, na ule ugomvi wa mwezi wa sita, nani alipokea na nani bado, ulitufarikisha na wenzetu watatu ambao mpaka leo hawaji.

Jedwali lile lilikuwa zuri. Majina yetu yote kwa mpangilio, tarehe za Jumamosi, kiasi, zamu. Alikuwa anamuuliza mkewe akirudi, kama kwa mazungumzo tu, na mkewe akadhani ni udadisi. Januari imejaa. Februari imejaa. Machi imejaa nusu, na hapo linakwisha. Ugomvi wetu ni wa Juni.

Mama katibu aliuliza kama hakuna ukurasa mwingine. Kaka wa mwalimu akatafuta vizuri, kila mahali. Hakuna. Baada ya Machi kuna ramani.

Tulikubaliana mambo haya kabla ya kutawanyika. Kila Jumamosi, ukurasa wa kaye ukishatiwa sahihi, simu mbili za watu wasio wa nyumba moja zitapiga picha yake. Haihitaji mega wala programu. Mwalimu atatufundisha jedwali kwenye simu, kwa wanaotaka. Mpaka sasa wamejiandikisha watano, na mama katibu ni wa kwanza. Zamu ya mwenzetu katika likelemba imesogezwa mbele, minerval italipwa. Kuhusu wale wenzetu watatu, wawili wetu tutawatembelea. Tutawaambia tulichokiona, na kwamba hakitoshi.

Fundi alirudi Jumatatu na dola zake 20. Aliondoka na saa kumi na saba, zile za betri zote, bila betri, kwa dola 15. Zile mbili za njano ziko katika kopo la maziwa lenye maandishi. Mbili za ufunguo zitakwenda kwa wana wakubwa. Redio hakuonyeshwa.

Mboga ni posho ijayo.